"Nimeshabadilisha kwenye faili": dhana zinazotukwamisha kwenye klasta

Simu ni ile ile, anayebadilika ni mpigaji. Safari hii alikuwa dada mmoja anayeshika takwimu za mapokezi ya samaki kwenye kiwanda huku Ilemela. "Kaka, memori nimeshaongeza kwenye faili, nimeweka giga 6, kazi bado inakufa. Hii Spark yenu ina shida." Nikamuuliza kama hiyo giga 6 ameiona ikitumika au ameiandika tu. Akanyamaza.

Klasta, yaani mashine kadhaa zinazofanya kazi kama moja, ninazoitiwa hapa Mwanza nyingi ni ndogo: mashine tatu, nne, Hadoop (inayohifadhi data) na YARN (inayogawa memori kwa kazi) chini, Spark (inayochakata data) juu yake, kiyoyozi kimoja kinachojitahidi. Makosa yake yanatibika. Kinachonichosha ni maelezo ambayo watu hufika nayo tayari, wakishapoteza wiki nzima kuyaamini.

Dhana: nikishaandika kwenye faili, mpangilio umebadilika

Ulichobadilisha ni faili. Kama kazi yako imelisoma hilo faili ni habari nyingine, na hiyo ndiyo habari ambayo karibu hakuna anayeihakiki kabla ya kunipigia.

Spark huchukua thamani ya mpangilio kutoka sehemu tatu zisizo na uzito sawa. Kilichoandikwa ndani ya programu yenyewe ndicho kinachoshinda. Kinafuata kilichopitishwa kwenye amri ya spark-submit. Faili la spark-defaults.conf ni la mwisho, husikilizwa pale tu wenzake waliponyamaza. Kwa hiyo kama skripti uliyorithi kwa mtu aliyehamia Dodoma ina mstari unaosema spark.executor.memory ni 2g, andika 6g, andika 100g kwenye spark-defaults.conf, hakuna kitakachobadilika na hakuna atakayekwambia. Ni sawa na kubadilisha nauli kwenye kibao cha kituo pale Buzuruga ukitegemea konda wa Igoma ataisoma.

Halafu kuna kighairi kimoja kinachowavuruga hata wanaoijua kanuni hiyo. Memori ya draiva (mchakato unaoongoza kazi nzima), ukiwa umetuma kazi kwa spark-submit katika hali ya client, yaani draiva ikikaa kwenye mashine uliyotumia kutuma, haiwezi kubadilishwa kutoka ndani ya programu. Programu yako inaposomwa, Java ya draiva imeshawaka na memori yake imeshakatwa. Iandike kwenye amri, --driver-memory, au kwenye spark-defaults.conf. Ubaya ni kwamba ukiiandika kwenye programu, ukurasa wa Environment, mojawapo ya kurasa za Spark kwenye kivinjari, utakuonyesha 8g uliyoitaka, nawe utatulia. Nenda ukurasa wa Executors uangalie mstari wa draiva. Ukikuta memori ya kuhifadhia ni megabaiti mia tatu au mia nne na ushee, ujue bado uko kwenye giga 1 ya kiwandani, yaani thamani inayokuja na Spark yenyewe. Hesabu yake si siri: Spark hutenga megabaiti 300 pembeni, kisha hugawa asilimia 60 ya kinachobaki.

Jingine ni mpangilio wa maneno kwenye amri. Chochote unachoandika baada ya jina la skripti yako, Spark haikigusi. Inakipitisha kwa skripti kama vigezo vyake. Mtu anaandika `spark-submit ripoti.py --executor-memory 6g` na anakaa kusubiri miujiza. Hakuna kosa linalotokea. Skripti imepokea maneno mawili isiyoyahitaji, na eksekyuta, michakato inayofanya kazi yenyewe kwenye mashine, zimeanza na giga 1. Vigezo vya Spark vinakaa kabla ya jina la skripti. Hili nalisema kila mafunzo na bado nalikuta.

Majina ya mipangilio nayo. Ukiandika spark.executors.memory, kwa "s" iliyozidi, Spark haitalalamika. Inaanza na "spark.", basi inapokelewa, inahifadhiwa, na kwenye ukurasa wa Environment utaiona imekaa vizuri kabisa na thamani yako. Hakuna sehemu yoyote ya Spark inayoitafuta. Ndiyo maana siridhiki mtu akiniambia "nimeiona ipo". Nakili jina kutoka kwenye nyaraka rasmi za toleo lako, usiliandike kwa kumbukumbu.

Na kuna mashine zenye Spark mbili. Hii naikuta sana kwa wanafunzi na watafiti. Fundi aliweka Spark kwenye /opt na akaipangia kila kitu. Mtumiaji akaja baadaye akapiga `pip install pyspark`, na pip ikaleta Spark nyingine kamili isiyojua lolote kuhusu mipangilio ya fundi. Wawili wanagombana siku nzima, mmoja akihariri faili la kwanza na mwingine akiendesha ya pili. Piga `which spark-submit` na `echo $SPARK_HOME` kabla ya ugomvi kuanza.

Watumiaji wa notibuku, kama Jupyter, mna lenu. Ukibadilisha memori ya eksekyuta kwenye seli ya juu na kuiendesha upya, getOrCreate, amri inayofungua kikao cha Spark, inakurudishia kikao kile kile kilichokuwa hai, na memori ile ile. Baadhi ya mipangilio, kama spark.sql.shuffle.partitions, hubadilika kikao kikiwa kinaendelea. Memori na idadi ya kori za eksekyuta hazibadiliki. Anzisha upya kerneli.

Upande wa YARN mambo ni magumu zaidi kwa sababu faili ni lile lile, yarn-site.xml, lakini wasomaji ni tofauti. Memori ambayo nodi (mashine moja ya klasta) inaigawa, yarn.nodemanager.resource.memory-mb, husomwa na NodeManager, huduma ya YARN ya mashine hiyo, inapowaka. Kuihariri kwenye mashine kuu peke yake hakubadilishi chochote kwenye nyingine, na kuihariri kote bila kuwasha upya huduma ni kazi ya bure vilevile. Kikomo cha kontena moja (fungu la memori ambalo YARN huipa kazi), yarn.scheduler.maximum-allocation-mb, ni cha ResourceManager, mgawaji mkuu wa YARN. Yote mawili kiwandani ni megabaiti 8192. Nimekuta mashine za giga 64 zikiendeshwa kama za giga 8 tangu zilipofungwa, wenyewe wakiomba bajeti ya kununua nyingine.

Sasa dawa, ambayo ni fupi kuliko malalamiko yangu. Tuma kazi kwa spark-submit --verbose uone mipangilio iliyokusanywa na imetoka faili gani. Kazi ikiwa inaendelea, fungua ukurasa wake kupitia bandari 8088 ya YARN, au 4040 kama unaendesha kwenye mashine moja, usome Environment na Executors. Ikiwa imeshakufa, tumia seva ya historia, bandari 18080, kama mmeiwasha. Linganisha na ulichoandika. Vikitofautiana, usiguse memori, usiguse kitu kingine chochote mpaka ujue kwa nini vinatofautiana. Na badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, jamani. Mtu anabadilisha mipangilio saba usiku, asubuhi kazi inapita, na hajui ipi imemsaidia na ipi itamuua mwisho wa mwezi.

Dhana: kosa la memori linatibiwa kwa memori

Wakati mwingine ndiyo. Lakini kwanza soma nani amekufa na nani amemuua. "Java heap space" kwenye eksekyuta ni Java yenyewe imeishiwa ndani. "Container killed by YARN for exceeding memory limits" ni YARN imeua kontena nzima kwa sababu imevuka ukubwa iliyoomba, na hapo Java inaweza kuwa na nafasi tele. Kwa wanaotumia Python, wengi wao ni wa kundi hili la pili, kwa kuwa michakato ya Python hukaa nje ya Java na kula ile ziada ndogo inayoitwa memoryOverhead. Ziada hiyo kiwandani ni asilimia 10 ya memori ya eksekyuta, au megabaiti 384 ikiwa asilimia 10 haifiki hapo. Ongeza ziada, si memori ya Java.

Ukiwa na nodi ya 8192, piga hesabu kabla ya kuomba. Eksekyuta ya 4g ni 4096 na ziada 409, jumla 4505. YARN inapandisha hadi 5120, kwa sababu inagawa kwa mafungu ya 1024. Nodi nzima itabeba moja tu, na giga 3 zitalala. Eksekyuta ya 2g inakuwa 3072, zinaingia mbili. Ukiomba 8g unapata 9011, imezidi kikomo, kazi inakataliwa hata kabla ya kuanza. Hapo ndipo mtu ananiambia klasta "imekataa memori".

Na kama aliyekufa ni draiva, tafuta collect() au toPandas() kwenye skripti. Umeiambia klasta nzima imwage data yake kwenye mashine moja. Hakuna mpangilio wa kutetea hilo.

Kuna kisa kingine cha memori ambacho si cha memori. Kazi ina vipande 200, vipande 199 vinamalizika kwa dakika moja, kimoja kinakaa saa nzima kisha kinakufa. Hiyo ni data iliyoegemea upande mmoja. Ukikusanya rekodi za samaki kwa jina la mwalo (mahali samaki wanaposhushwa), na Kirumba imebeba rekodi nyingi kuliko mialo midogo ya Ukerewe yote ikijumlishwa, basi Kirumba yote inaangukia kwa eksekyuta moja. Mara nyingi zaidi mwenye hatia ni safu tupu: rekodi zisizo na jina la mwalo kabisa, zote zinaenda sehemu moja. Zichuje kwanza. Kwenye daftari za mialoni zipo nyingi.

Dhana: TANESCO wameharibu data

Umeme ulikatika, mashine zikawaka upya, HDFS, hifadhi ya faili ya Hadoop, haipo. Fundi analaumu umeme, na kwa Mwanza hakuna atakayembishia. Angalia hadoop.tmp.dir. Usipoiweka, Hadoop huhifadhi kumbukumbu za NameNode (huduma inayojua kila faili liko wapi) na data yenyewe chini ya /tmp, na kuna mifumo ya Linux inayosafisha /tmp kila inapowaka. Umeme ulikuwa kisingizio tu. Hata ungezima mashine kwa adabu zote, matokeo yangekuwa hayo hayo. Weka dfs.namenode.name.dir na dfs.datanode.data.dir kwenye diski ya kudumu leo. Na NameNode ikikataa kuwaka ikidai folda haipo, tafadhali usipige hdfs namenode -format kwa sababu jukwaa fulani limesema. Amri hiyo inaanzisha mfumo mtupu. Kama kulikuwa na cha kuokoa, kimekwenda.

Dhana: ni mtandao

Logi inarudia kwamba inajaribu kuunganika na 0.0.0.0:8032, mtu anaenda kumpigia mtoa huduma wa intaneti. Hiyo anwani si ya mahali popote. Ni thamani ya kiwandani ya ResourceManager. Maana yake Spark haijaona mipangilio ya YARN, yaani HADOOP_CONF_DIR haijawekwa au inaelekeza folda isiyo yake. Ndugu yake ni "Wrong FS, expected: file:///": bila core-site.xml, faili la mipangilio ya Hadoop, mfumo wa faili ni diski ya mashine uliyokaa nayo.

Kama mashine moja inajiona lakini wenzake hawaioni, fungua /etc/hosts. Ubuntu na Debian hupenda kulifunga jina la mashine kwenye 127.0.1.1. NameNode inajifungia humo ndani na kujisikiliza yenyewe.

Dhana: nodi imekufa, iwashwe upya

Angalia diski kwanza. YARN huacha kuitumia diski iliyovuka asilimia 90, na diski zote zikifika huko, nodi inaandikwa UNHEALTHY ingawa mashine ni nzima. Futa logi za zamani, itarudi yenyewe baada ya dakika chache.

Dhana: kazi imeganda

Imekaa ACCEPTED, haijaganda. Inasubiri nafasi. Fungua 8088 uone nani ameishika, na mara nyingi ni notibuku ambayo mwenyewe ameiacha wazi akaenda kula sato Kirumba. Ugawaji wa eksekyuta kwa mahitaji, spark.dynamicAllocation.enabled, kiwandani umezimwa, kwa hiyo kikao kisichofanya lolote kinashikilia kila kontena ilizopewa mpaka kifungwe. Andika spark.stop() kwenye seli ya mwisho, na uiendeshe kweli. Kama aliyeacha wazi ni bosi, mpigie kwanza kabla ya kutumia yarn application -kill, maana amri hiyo haimuulizi mtu.