"Parsele yangu iko nje ya rangi nyekundu"

Mnunuzi anafungua ramani ya hatari ya mafuriko kwenye simu, anaikuza kwa vidole mpaka paa moja lijaze kioo, kisha ananiambia: "Si unaona, niko nje ya nyekundu. Najenga." Hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, nimelisikia neno hilo kupita kiasi, na linanitia hofu, maana anayelisema mara nyingi ameshamlipa fundi.

Rangi ile haikutokana na kupima parsele, yaani kiwanja, ya mtu. Ramani nyingi za mabonde ya mito zisizo na vipimo vya ardhini hutegemea mwinuko wa SRTM, mradi wa kupima kimo cha ardhi, uliopimwa kwa rada kutoka chombo cha anga Endeavour kwa siku 11 za Februari 2000. Pikseli moja, yaani kimraba kimoja cha ramani, ni mita 30 kwa 30. Parsele ya mita 15 kwa 20 inaingia humo mara tatu, na mto Kawa wa hapa mjini wenyewe ni mwembamba kuliko pikseli. Nyumba, ukingo na maji vyote vinapewa mwinuko mmoja. Tena penye mabati na miti iliyosongamana, rada ilirudi kabla ya kufika kwenye udongo. Lengo la mradi lilikuwa kosa la mwinuko lisizidi mita 16 kwa asilimia 90 ya vipimo. Hata likiwa mita 3 tu, chumba kizima kiko chini ya maji! Ramani kama hiyo inamsaidia bourgmestre, mkuu wa komini, kuchagua karitee (mtaa) ya kupimwa kwanza. Pa kuweka msingi wa nyumba, haijui.

Haijui pia kalveti, mfereji wa maji chini ya barabara, iliyozibwa na chupa za plastiki, wala ukuta wa jirani ulioingia mtoni. Maji yakikwama hapo, yanahamia kule kusikopakwa rangi. Kwa hiyo nasisitiza: kabla ya kununua, teremka mpaka mtoni, uwaulize wapangaji wa zamani, si mwuzaji, maji yalifika wapi ukutani. Pima kimo hicho. Alama chache za namna hiyo zikiingia kwenye QGIS, programu ya kuchora ramani, naziamini kuliko rangi zote zilizopimwa kutoka angani.

Wengine hunijibu: "Kwetu mvua haikunyesha." Maji hufuata mteremko. Tarehe 4 Mei 2023, huko Kalehe, maji, matope na mawe vilishuka kutoka milimani mpaka Bushushu na Nyamukubi, kando ya Ziwa Kivu, wakafa watu zaidi ya 400. Tazama kilicho juu yako.

"Mafuriko ya miaka 100 yameshapita, tumepona." Hapana. Maana yake ni uwezekano wa asilimia 1 kila mwaka, na mwaka ujao tena. Nyumba ikikaa miaka 30, uwezekano wa kuyapata unafika karibu asilimia 26.

"Setilaiti ingeyaona." Sentinel-1, setilaiti ya rada, huona hata penye mawingu, lakini hupita mahali pamoja baada ya siku kadhaa, na maji ya miteremko ya Kadutu, komini ya hapa Bukavu, hushuka na kuisha kwa saa chache. Picha kavu inathibitisha ukavu wa dakika ile ilipopigwa tu.