Televisheni ya umma ya Marekani majira ya joto: dhana potofu na ukweli

"Majira ya joto ni msimu wa marudio tu."

Dhana hii haikuzuka hivihivi. Kwa miongo mingi mitandao ya televisheni ya kibiashara ya Marekani ilizoea kuzindua vipindi vipya Septemba na kufunga msimu Mei. Kuanzia Juni watu wako nje au safarini, matangazo hayalipi vizuri, basi vinarudishwa vya zamani. PBS, mtandao wa televisheni ya umma, nayo hurudia, tusidanganyane: ukikutana na Nova, kipindi cha sayansi, au Nature, cha wanyama na mazingira, mwezi wa Julai, kuna uwezekano mkubwa ilishaonyeshwa.

Lakini utulivu huohuo ndio uliokuwa upenyo wa PBS. Mwaka 1988 ilianza POV, mfululizo wa filamu za hali halisi zinazotengenezwa na watu huru, na ukapangiwa miezi ya joto. Filamu ambayo vuli ingefunikwa na vishindo vya mitandao mikubwa, Julai ilipata mtu wa kuitazama. Julai 2019 nako, American Experience, mfululizo wa PBS wa historia, ilileta filamu ya Chasing the Moon, usiku tatu mfululizo, saa sita kwa jumla, ikielekea miaka 50 ya Apollo 11, safari iliyowafikisha watu mwezini kwa mara ya kwanza. Hakuna mzee aliyekalishwa kwenye kiti akikumbuka ya zamani. Sauti za wahusika zinapita juu ya picha zilizopigwa wakati uleule. Hilo si kiporo.

"Vipindi vya watoto wakati wa likizo ni vya kuwatuliza tu."

Reading Rainbow, kipindi cha PBS cha kuwapendezesha watoto vitabu, kilizaliwa kwa sababu ya likizo yenyewe. Walimu walikuwa wakiona watoto wanarudi shuleni wamerudi nyuma katika kusoma, kwani miezi kadhaa ilipita bila kitabu mkononi. Twila Liggett, aliyewahi kuwa mwalimu, akishirikiana na vituo vya Nebraska na Buffalo, alitaka kuitumia televisheni ileile iliyolaumiwa kwa uvivu wa watoto. Kipindi kilianza kurushwa Julai 11, 1983, mtangazaji akiwa LeVar Burton.

Kinachonivutia zaidi ni jinsi kilivyojengwa. Hakikufundisha herufi; kazi hiyo kiliwaachia wengine. Kitabu kimoja kilisomwa huku kamera ikitembea polepole juu ya michoro yake, Burton akaenda mahali panapohusiana na hadithi, na mwishoni watoto wenyewe walisimama mbele ya kamera kupendekeza vitabu walivyovipenda. Mtoto akamsikia mtoto mwenzake, si mtu mzima anayemsukuma. Kiliendelea kuonekana hadi 2009, kikiwa na vipindi 155.

"PBS ndiyo inayotengeneza kila kitu, na vituo vinatii."

Hapana. PBS husambaza, vituo wanachama na kampuni huru ndio watengenezaji. Nova hutoka kituo cha GBH cha Boston, Nature hutoka kituo cha WNET cha New York. Ratiba nayo iko mikononi mwa kila kituo. Mwaka 1991, POV ilipopanga kuonyesha Tongues Untied, filamu ya Marlon Riggs kuhusu maisha ya wanaume weusi mashoga, vituo vingi viligoma kuirusha na hakuna aliyevilazimisha. Hivyo mkazi wa mji mmoja aliiona, wa mji mwingine akabaki kusoma malumbano yake gazetini.

"Majira ya joto wafanyakazi wamepumzika."

Waulize wa Antiques Roadshow. Huzunguka nchi miezi hiyohiyo wakirekodi wananchi waliobeba vitu vya urithi kupimiwa thamani, kisha watazamaji huanza kuviona Januari.

"Ni televisheni ya serikali."

Sheria iliyotiwa saini na Rais Lyndon Johnson Novemba 1967 ilianzisha CPB, shirika lisilo la faida la kupitishia fedha za umma, na ikakataza serikali kuingilia maudhui. Kwa PBS na vituo vyake, fedha za serikali kuu zilikuwa takriban asilimia 15 ya mapato. Nyingine zilitoka kwa watazamaji wanaochanga, wakfu, majimbo na wafadhili. Julai 2025 Bunge la Marekani lilifuta dola bilioni 1.1 zilizokwisha kutengewa CPB kwa miaka miwili, na mwezi uliofuata shirika hilo likatangaza kuanza kufunga shughuli. Asilimia 15 ni wastani tu. Kituo cha jiji kubwa kina matajiri wa kuwaendea; kwa vituo vidogo vya vijijini, fungu la serikali lilikuwa sehemu kubwa zaidi ya bajeti.