Neno "check" lilianzia kwa mfalme wa Uajemi

Kwenye maneno yote ya Kiingereza niliyowahi kufuatilia asili yake, check ndo nalipenda kuliko yote. Ukiliangalia haraka unadhani ni maneno matano tofauti: kukagua, kuzuia, shati la drafti, hundi ya benki na ile check ya kwenye chesi. Kumbe yote baba yao ni mmoja, shah, yaani mfalme kwa Kiajemi.

Iko hivi, sataranji, yaani hiyo hiyo chesi, ilitoka India ikaingia Uajemi, Waarabu wakaipokea wakaipeleka mpaka Ulaya, na neno shah likasafiri nayo huku kila watu wakilitamka kwa ulimi wao, Wafaransa wa zamani wakawa wanasema eschec na Waingereza ndo wakapata check. Sasa ukimtishia mfalme wa mwenzako kwenye mchezo, ambayo ndo check yenyewe, mwenzako hana ujanja, mipango yake yote inasimama mpaka amwokoe mfalme kwanza. Hapo ndo ikazaliwa maana ya kuzuia, na karne ya 17 ikatoka ya kukagua, maana unasimamisha jambo kwanza ili uhakikishe liko sawa. Checkmate, ile inayomaliza mchezo, nayo ni shah mat. Wengi wanasema maana yake mfalme amekufa, kwa sababu ya mata ya Kiarabu iliyo ndugu na mauti yetu, ila kwa Kiajemi mat ni mtu aliyeishiwa la kufanya na mimi nasimama na hii, kwa sababu mfalme kwenye chesi haliwi, anabanwa tu mpaka akose pa kwenda.

Halafu kuna ubao wenyewe, na hapa ndo patamu. Vile viboksi vyake vimewapa Waingereza jina la nguo za drafti (na sisi si tumefanya vilevile, tumechukua jina la mchezo tukaipa nguo!). Karne ya 12 maofisa wa hazina ya mfalme wa Uingereza walikuwa wanahesabia kodi kwenye meza ya futi 10 kwa 5, juu wametandika kitambaa cheusi chenye mistari, safu hii ya peni, ile ya shilingi, nyingine ya pauni, wanasogeza vihesabio kama kete. Kwa jinsi ilivyofanana na ubao wa chesi ofisi nzima ikaitwa Exchequer, na mpaka leo waziri wa fedha wa Uingereza anaitwa Chancellor of the Exchequer.

Hundi imekuja baadaye, miaka ya 1700 mwanzoni. Check hapo kilikuwa kile kishina kinachobaki kwa ajili ya kulinganisha ili mtu asighushi, kisha jina likahamia kwenye karatasi yenyewe. Waingereza wakaja kuiandika cheque kwa kuifananisha na Exchequer, Wamarekani wao wamebaki na check mpaka leo.