Uzito wa taka zetu uko kwenye maganda

Nikimwaga kiroba cha taka za nyumbani juu ya turubai hapa Dar es Salaam, macho ya wanaotazama hukimbilia plastiki. Ndiyo yenye rangi, ndiyo inayopeperuka. Tukishachambua na kupima kwa mizani, kinachoshinda ni maganda: ya ndizi, ya mihogo, ya machungwa, pamoja na machicha ya nazi na ugali uliolala. Ripoti ya Benki ya Dunia ya mwaka 2018 ilikadiria kuwa mabaki ya chakula na majani ni asilimia 56 ya taka katika nchi za kipato cha chini, na asilimia 32 katika nchi tajiri.

Halafu kuna mchanga, ambao watu huusahau kabisa. Anayefagia uwanja wa udongo kila alfajiri huzoa mchanga, majani na majivu ya mkaa, vyote humo humo kirobani. Mchanga huo mzito unasafirishwa kwa gari mpaka dampo la Pugu Kinyamwezi. Inaniuma, maana ungeweza kubaki pale pale chini ya mgomba.

Jibu la nini kimejaa zaidi kwenye taka hutegemea pia umekifungulia wapi hicho kiroba. Mlangoni kwa mwenye nyumba utakuta chupa za maji, makopo, vyuma chakavu. Kikifika dampo, waokota chupa wameshapita, na plastiki iliyobaki ni ile isiyo na mnunuzi: vifungashio vya biskuti, pampasi. Ndiyo maana ukiniletea takwimu za taka, swali langu la kwanza ni sampuli ilichukuliwa wapi.

Wengi huniuliza kwa nini tusizichome taka hizi tupate umeme. Huwa nawaonyesha maji yanayochuruzika chini ya turubai. Maganda mabichi na mboga ni maji kwa sehemu kubwa, hivyo moto hutumika kwanza kuyakausha. Yakifukiwa dampo pasipo hewa huoza na kutoa methani, gesi ambayo kwa kipindi cha miaka 100 hupasha dunia joto takriban mara 28 kuliko uzito uleule wa kaboni dioksidi. Yakipata hewa na kugeuzwa vizuri, maganda hayo hayo huwa mboji.

Nyumbani kwangu maganda yana ndoo yake. Kiroba kilichobaki ni chepesi na kikavu, na karatasi zake zinauzika. Zikishalowa mchuzi, hakuna anayezinunua.