Siku ya tatu ya maumivu ya selimundu

Mama mmoja alinishika mkono mlangoni mwa chumba cha wagonjwa mahututi. "Daktari, kijana wangu alilazwa akiumwa na miguu tu. Hiki kifua kimetoka wapi?" Hapa Nairobi nimeulizwa hivyo mara nyingi. Kifua kilianzia wodini, sisi tukiangalia miguu.

Kwa watu wazima wenye selimundu, ugonjwa wa kurithi ambao chembe nyekundu za damu hujipinda mfano wa mundu, kifua ndicho kinachowaleta wengi kwetu, tena ndicho kinachoua sana. Aghalabu hakiji siku ya kwanza. Mgonjwa anapewa mofini, dawa kali ya maumivu, na dripu, kisha siku ya pili au ya tatu homa inapanda, pumzi zinakuwa fupi, na eksirei inaonyesha doa ambalo jana halikuwepo. Pengine ni maambukizi. Pengine uboho uliokufa ndani ya mfupa umeachia mafuta, yakabebwa na damu hadi mapafuni. Au mbavu zinauma, mgonjwa anavuta pumzi nusunusu, mapafu yanasinyaa upande wa chini na oksijeni inashuka; ikishuka, chembe nyekundu zaidi zinajipinda na kuziba mishipa. Dripu nayo ikizidi, mapafu yanajaa maji.

Hapo tunategemea damu. Tunaongeza kama himoglobini, yaani kibeba oksijeni cha damu, imeshuka, ila bila kupita gramu 10 kwa desilita, maana damu ikiwa nzito huziba mishipa. Hali ikiwa mbaya tunaibadilisha: tunatoa ya mgonjwa huku tukiingiza ya wachangiaji, hadi himoglobini S, ile inayopinda chembe, ishuke chini ya asilimia 30. Nakumbuka wawili walioanza na maumivu yaleyale ya miguu. Mmoja aliletwa kipimo cha oksijeni cha kidoleni kikisoma asilimia 91. Kesho yake asubuhi aliomba chai. Mwingine aliletwa kikisoma 74, figo na ini vimeshaanza kushindwa. Tulimweka kwenye mashine ya kupumulia. Hatukumwokoa.

Dawa ya haidroksiyurea hupunguza vifua hivi kwa karibu nusu. Utafiti wa watu wazima uliofanywa Marekani na Kanada ulionyesha hivyo mwaka 1995. Inaniuma kuona vijana wakiiacha mara tu wanapotoka kliniki ya watoto.

Ukiwa na ndugu yako wodini, mhesabie pumzi kumi ndefu kila baada ya saa mbili akiwa macho. Maumivu yakimzuia kuvuta pumzi, omba dawa iongezwe, wala usikubali aambiwe amezoea mofini. Ukimsikia anaongea maneno mawili kisha anatweta, mwite nesi papo hapo, hata kama eksirei ya jana ilikuwa safi.