Gari la kwenda nalo uwanjani na kurudi nalo

Mteja akinijia na wazo la gari la spoti, la kwendea kazini siku za kawaida na kulipeleka uwanja wa mbio mara nne au tano kwa mwaka, karibu kila mara huja na karatasi. Majina ya magari yamepangwa kwa nguvu za farasi, lenye nyingi juu, lenye chache chini. "Fundi, nichagulie moja kati ya haya matatu ya juu." Mimi huigeuza ile karatasi na kumwuliza jambo jingine: gari hili likifungwa breki kutoka kilomita 180 kwa saa hadi 80, litachemsha lita ngapi za maji?

Wengi hucheka. Hesabu yenyewe haina mzaha. Kila tani moja ya gari, ikishushwa mwendo kutoka 180 hadi 80, hutoa nishati ya karibu megajuli moja. Nishati hiyo haina pa kwenda ila kugeuka joto, na joto hilo linatosha kuchukua lita tatu za maji ya bomba na kuyatokotesha. Jiko la nyumbani huchukua dakika kadhaa kwa kazi hiyo. Breki zako zinapewa sekunde tatu au nne. Kisha inakuja kona nyingine, na nyingine, kwa dakika 15 au 20 mfululizo. Barabarani unaweza kumaliza mwaka mzima bila kukanyaga breki kwa nguvu kiasi hicho hata mara moja.

Sasa ongeza uzito. Gari la kilo 1,700 kwenye kona ile ile linachemsha lita tano. Ongeza na nguvu za farasi, maana gari lenye nguvu nyingi halifiki kwenye kona kwa 180, linafika kwa 220, na nishati ya mwendo hupanda kwa mraba wa kasi. Kutoka 220 hadi 80, kila tani inatoa asilimia 60 zaidi ya ile ya mwanzo. Gari letu la kilo 1,700 limeshavuka lita nane. Jirani yake wa tani moja, anayefika kwa 180, bado yuko kwenye lita tatu. Wote wawili wamelipia siku ile ile na wanapishana kwenye lami ile ile, ila mmoja atakwenda na pedi zake zile zile miezi kadhaa, mwenzake atazimaliza kabla jua halijazama.

Ndiyo maana orodha yangu huanzia chini. Mazda MX-5 ilipotoka mwaka 1989 ilikuwa na injini ya lita 1.6 na uzito usiofika kilo 1,000, na hadi leo matoleo yake yote hayajapotoka sana kwenye njia hiyo. Suzuki Swift Sport ya mwaka 2017 ina injini ndogo ya lita 1.4 yenye turbo, yaani pampu inayoisukumia injini hewa zaidi, na uzito wa karibu tani moja. Toyota GT86 na pacha wake Subaru BRZ, za mwaka 2012, zina farasi 200 na kilo kama 1,240, na walioziunda walizifunga tairi za upana wa milimita 215, za aina ile ile iliyokuwa ikifungwa kwenye baadhi ya Prius, gari la Toyota la kubana mafuta. Watu walilalamika sana. Mimi nilifurahi: tairi isiyonata kupita kiasi hukuonyesha kosa lako ukiwa bado kwenye mwendo wa kulirekebisha.

Sisemi gari zito ni baya. Nissan GT-R ya mwaka 2007 ina kilo zaidi ya 1,700 na inafanya mambo ambayo uzito huo haukupaswa kuruhusu. Ila inayafanya kwa diski kubwa na tairi pana, na vyote hivyo vinalika. Anayelitaka gari hilo kwa siku tano za mwaka ajiulize kwanza kama amejipanga kulilisha.

Kuhusu magurudumu yapi yanasukuma gari, naona watu hubishana zaidi ya inavyostahili. Gari linalovutwa na magurudumu ya mbele hufundisha vizuri, ukijua kwamba tairi za mbele ndizo zinazobeba kazi zote: kuvuta, kukata kona na sehemu kubwa ya breki. Kitu cha kukagua ni difu, yaani gia zinazogawa nguvu ya injini kwa gurudumu la kushoto na la kulia. Honda Civic Type R ya mwaka 1997 ilikuja na difu ya kimakanika inayozuia gurudumu moja lisizunguke bure, na hiyo ni nusu ya sifa yake. Magari mengine huigiza kazi hiyo kwa kompyuta, yaani kompyuta inalibana breki gurudumu linaloteleza. Barabarani hutagundua tofauti. Uwanjani umeongeza joto kwenye breki zilezile ambazo tayari zinachemka, tena bila mguu wako kujua.

Nikae kidogo kwenye mafuta ya breki, kwa sababu hapo ndipo mimi mwenyewe niliponea chupuchupu. Gari langu la kwanza la uwanjani, ambalo sitalitaja jina kwa kuwa kosa halikuwa lake, lilikuwa na pedi nzuri na diski mpya. Mafuta ya breki sikuyagusa. Yalionekana yamejaa, nikaridhika. Mzunguko wa sita hivi, mwisho wa sehemu ndefu iliyonyooka, nikakanyaga breki na pedali ikashuka hadi sakafuni kama nimekanyaga sifongo. Nilipiga pedali mara mbili tatu haraka, nikashusha gia, nikatoka nje ya lami na kusimama kwenye changarawe. Gari zima, mimi mzima, magoti ndiyo yaliyokuwa yanatetemeka.

Kilichotokea ni hiki. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa polepole, mwaka hadi mwaka. Ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayaruhusiwi kuchemka chini ya nyuzi 230. Yakishanyonya maji kufikia asilimia 3.7, kiwango kinachodaiwa kinashuka hadi nyuzi 155 tu. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke hubanwa, tofauti na kimiminika. Nguvu ya mguu wako inaishia kubana mapovu. Pedi zikizidiwa na joto huwa afadhali: pedali inabaki ngumu ila gari halisimami vizuri, na unapata nafasi ya kupunguza mwendo. Mafuta yakichemka hayakupi onyo. Kwa hiyo kabla ya kununua chochote kingine, weka mafuta mapya ya breki na pedi zinazostahimili joto. Gari lolote katika orodha yangu, likipata hivyo viwili na tairi nzima, liko tayari kwa mwaka wa kwanza. Springi, mabomba ya moshi na mabawa ya nyuma yasubiri. Yakiwahi sana yanakuficha usijue gari lilivyo.

Hatari ya pili iko kwenye oili. Ukikata kona ndefu kwa kasi, oili yote hukimbilia upande mmoja wa sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, na mdomo wa pampu unaweza kunyonya hewa. Beringi za kranki, shafti kuu inayozungushwa na pistoni, hazihitaji sekunde nyingi za ukavu ili ziharibike. Hapa kuna jambo linalowashangaza wageni: anayefunga tairi za kunata za mbio kwenye gari la barabarani ndiye anayeiweka injini hatarini zaidi, kwa kuwa tairi hizo humruhusu kukata kona kwa nguvu ambayo sampu haikuundiwa. Jaza oili hadi alama ya juu, ipime kila unapotoka uwanjani, na kwenye tairi usiwe na pupa.

Usiuamini pia mshale wa joto la maji. Katika magari mengi ya kisasa umewekwa ukae katikati hata joto likicheza, dereva asiwe na wasiwasi, na ukianza kupanda mambo yameshaharibika. Kifaa kidogo kinachochomekwa kwenye soketi ya uchunguzi chini ya dashibodi kitakuonyesha namba halisi. Joto la oili likielekea nyuzi 130, mimi hulegeza mwendo mzunguko mzima. Turbo nazo zina tabia yao: hewa inayoingia ikishakuwa moto, kompyuta hupunguza nguvu, na zile farasi ulizozinunua unazikosa kuanzia mzunguko wa tatu. Gia za otomatiki zenye klachi mbili huvumilia vizuri zikiwa na upozaji wake. Za mkanda, CVT, ziache ziende sokoni na kurudi.

Gari la umeme limeivuruga kidogo hesabu yangu ya maji. Hyundai Ioniq 5 N ina uzito wa tani 2.2 hivi, na kwa kanuni yangu ingepaswa kuzichoma breki zake asubuhi tu. Lakini mota zake zinaweza kulipunguza mwendo kwa nguvu inayofikia 0.6 ya mvutano wa dunia kabla pedi hazijaguswa, na sehemu ya nishati ile inarudi kwenye betri. Tairi, hata hivyo, hazina pa kuurudisha uzito. Na uwanja usio na chaja ya kasi huigeuza siku yako kuwa ya kusubiri.

Ukiwa umeshachagua aina, sahau aina na uangalie gari lililo mbele yako. Lililotunzwa bila kuchezewa ni bora kuliko lililofungwa vitu vya gharama na mtu usiyemjua. Kila familia ya magari ina donda lake linalojulikana. BMW 3 Series za kizazi cha E46 hupasuka sakafu pale fremu ya nyuma inapofungwa, kwa hiyo gari hilo huliangalii bila kulinyanyua. Porsche 911 za kizazi cha 996 na Boxster za kwanza zina ile beringi ya shafti ya kati ambayo ikifa huenda na injini. Donda halimaanishi usinunue. Linamaanisha uulize limetibiwa lini, na uonyeshwe karatasi.

Halafu kaa ndani ukiwa na helmeti kichwani. Nimewaona warefu wawili waliotoa pesa kwanza na kuvaa helmeti baadaye. Kichwa kinagusa paa na shingo imepinda. Helmeti yenyewe iwe ya magari, yenye alama ya SA, kwa kuwa hiyo hupimwa pia dhidi ya moto, na ya pikipiki yenye alama ya M haipimwi hivyo. Gari lisilo na paa gumu mara nyingi halikubaliwi uwanjani bila bomba la chuma la kukulinda likipinduka. Uliza kabla ya kulipia.

Bima soma mwenyewe, usisimuliwe. Nyingi huitoa nje siku ya uwanjani. Ule mzunguko mrefu wa uwanja wa Nürburgring kule Ujerumani, kilomita 20.8, una siku ambazo mtu yeyote hulipa na kuingia na gari lake la kawaida. Ukigonga kingo za chuma, unatozwa kuzitengeneza, juu ya hasara ya gari lako. Ndiyo sababu simshauri mtu kupeleka uwanjani gari analolidaiwa mkopo.

Mteja mmoja wa karatasi aliondoka na majina mawili yaliyokuwa chini kabisa ya orodha yake, na akanunua la mwisho. Baada ya siku yake ya tatu uwanjani alinipigia akiwa bado kule, anataka kujua kama afungue boneti. Nikamwambia afungue, asivute breki ya mkono, aiache gari kwenye gia mpaka diski zipoe, akaze nati za magurudumu, na apime tena upepo wa tairi zikishapoa kabla ya kuingia barabarani. Akauliza na pedi je. Zilikuwa zimebaki nusu. Mvua ilikuwa imeanza kunyesha, nikaisikia kwenye simu, na tairi zake zilikuwa za barabarani.