Chaneli ya Wi-Fi: kwa nini simu inashika mtandao na runinga haishiki

Ruta, kile kisanduku kinachogawa Wi-Fi nyumbani, hairushi mawimbi kwenye masafa yote kwa pamoja. Inachagua kipande kidogo cha masafa ya redio na kukaa hapo, na kipande hicho ndicho huitwa chaneli. Kwenye gigahezi 2.4, masafa ambayo karibu vifaa vyote vinayatumia, ruta za huku kwetu zina chaneli 1 hadi 13. Chaneli moja na ya pili yake zinaachana megahezi 5 tu, ilhali ruta inahitaji kama 20. Kwa hiyo nyingi zinaingiliana. Tatu zisizogusana ni 1, 6 na 11.

Chukua parseli ya Katuba hapa Lubumbashi, wapangaji kadhaa, kila mlango na ruta yake. Ruta zilizo kwenye chaneli moja husikilizana na kupeana zamu. Anayejiweka kwenye 3 kwa sababu ameiona tupu anapigwa pande zote: 1 na 6 zinamletea kelele, wala hazimpi zamu. Filamu inasimama, kiduara kinazunguka, na lawama zinaenda kwa kampuni ya intaneti.

Kuna kisa kinachosumbua zaidi: kifaa cha kuchomeka nyuma ya runinga, alicholeta shemeji kutoka Marekani. Simu inaiona Wi-Fi, chenyewe hakioni kitu. Vifaa vya soko la Marekani kwa kawaida huishia chaneli 11. Ruta ikijichagulia 12 au 13, hata ukikiweka juu yake hakitaiona.

Fungua kivinjari kwenye simu, andika anwani iliyo kwenye kibandiko cha ruta (mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1), ingia kwenye mipangilio ya Wi-Fi. Menyu ikiwa ya Kifaransa, tafuta Canal. Ondoa Auto, weka 1, 6 au 11, na upana uwe megahezi 20.

Ruta na runinga zikiwa chumba kimoja, masafa ya gigahezi 5 ni bora, ingawa ukuta wa matofali huidhoofisha haraka. Huko chagua chaneli 36 hadi 48, maana 52 hadi 144 zinatumiwa pia na rada, na vifaa vingine vya runinga havizishiki.

Chaneli haikuongezei kasi uliyolipia, lakini. Netflix inapendekeza megabiti 5 kwa sekunde kwa picha ya 1080p (HD kamili). Simu ikikwama hata ukiwa umesimama kando ya ruta, usiku majirani wamelala, acha mipangilio ilivyo, pima kasi ya laini yenyewe.